Bwana Harusi wa Kuazima

Koti lilikuwa na mikono miwili, na kila mkono ulikuwa umekamatwa na mtu wake. Mkono wa kushoto aliushika Wakesho, msichana mwembamba aliyevaa gauni la maua ya manjano na raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi la Masasi. Mkono wa kulia aliushika kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye rangi ya buluu iliyoganda kwenye kucha. Baina yao lilikuwapo rundo la mitumba, na nyuma ya rundo alisimama mwenye mali, Yuliana, mikono kiunoni.

"Dada, samahani, naomba uliachie," kijana alisema kwa upole.

"Liachie wewe! Mimi nimeliona kutoka kule kwenye nyanya."

"Uliliona. Mimi nililishika."

"Leta hapa!"

Kijana akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Aa, kumbe Mkenya! Nyinyi wenzetu hamwombi, mnaamrisha."

"Na nyinyi mnaomba mpaka soko linafungwa. Leta koti."

"Jamani, mtanipasulia mali!" Yuliana alilalamika. "Basil, we koti la nini, unakwenda kupaka rangi na koti? Na wewe dada, la kiume hili, utalivaa wapi?"

Hapo Wakesho aliona haya kidogo, ila mkono hakuuachia. Alieleza haraka haraka. Yeye ni mwanafunzi wa maigizo, amekuja na wenzake kutoka chuo kimoja cha sanaa huko Dar es Salaam. Wiki nzima watakuwa Masasi na Newala, watacheza, watatazama ngoma za wenyeji, watatembezwa. Mchezo wao una harusi, na bwana harusi hana koti. "Na kusema kweli," aliongeza, "tangu jana hata bwana harusi mwenyewe hatuna. Mwenzetu Zabroni kashikwa na malaria, amelazwa hospitali ya Mkomaindo."

Basil alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Na bibi harusi ni nani?"

"Ni mimi."

Basi Basil aliachia koti, akatoa pochi mfukoni. "Yuliana, nifungie. Nalinunua mimi, nalivaa mimi, na harusi naicheza mimi."

Huo ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1993, ruksa ya kufanya biashara imekwisha kuingia mpaka vichochoroni. Masasi ilikuwa imechangamka kama nyumba yenye shughuli. Baraza iliyokuwa ya kukalia wazee sasa ilikuwa duka, chumba cha wageni kilikuwa saluni, na redio kaseti zilishindana kupiga kelele kutoka mlango hadi mlango. Kila mwenye duka alitaka bango, na mwenye brashi ya kuaminika mjini pale alikuwa Basil. Mtu akifungua hata genge la vitunguu, alitaka aandikiwe jina lake kwa herufi kubwa zenye kivuli.

Wakesho alikuwa Mtaita wa Wundanyi. Alipoaga kwao Kenya aliambiwa mengi juu ya Dar es Salaam, lakini hakuna aliyemwambia kwamba Tanzania ina kusini, na kusini kuna milima ya mawe iliyosimama peke yake katikati ya tambarare, na watu wanaokukaribisha chakula kabla hawajakuuliza jina. Alipofika alifungua macho, na hakuyafumba tena. Jumanne walipanda mlima mmoja nyuma ya mji, wanafunzi wote na Basil mbele akiwaonyesha pa kukanyaga. Jumatano walikwenda kutazama ngoma, na Wakesho alipoona wanawake wazima wanakata kiuno kwa sindimba, wengine na watoto mgongoni, alivua raba akaingia. Alicheza vibaya. Walimshangilia hivyo hivyo.

Mazoezi yalikuwa jambo jingine. Basil hakujua kuigiza hata chembe. Ukimwambia acheke, alingoja kwanza kitu cha kuchekesha. Mwalimu wao, Danieli, mtu mwenye kipara na subira nyingi, alimwambia, "Kijana, jifanye unampenda huyu binti."

"Nijifanye vipi, mwalimu?" Basil aliuliza, na wanafunzi wakaangua kicheko. Wakesho alijifunika uso kwa kanga.

Baada ya mazoezi walikaa wawili chini ya mikorosho, wakala mabibo mpaka juisi ikawatiririka viwikoni. Basil alimletea ming'oko ya kuchemsha iliyofungwa kwenye jani, akamwonyesha jinsi ya kuimenya.

"Hii ni mizizi?" Wakesho aliuliza.

"Ya porini. Ukiila huku, huondoki tena."

"Ahaa, ndiyo dawa yenu. Mimi nilionywa juu ya panya mnaowala, sikuonywa juu ya mizizi."

"Panya nitakuletea kesho, mpenzi. Leo bado nakubembeleza."

Neno hilo alilitamka kirahisi, kama amelizoea. Wakesho akasahau kumenya. Usimcheke, ana miaka ishirini na mbili, na alikuwa amepata homa ambayo hata Mkomaindo wasingeiweza.

Jambo moja tu lilimshangaza. Kijana huyu hakuuliza yale wanaume wanayouliza. Aliuliza habari za mama yake.

"Mama analima?"

"Analima kidogo. Na anapika kwenye shule ya wasichana."

"Kusimama jikoni kutwa nzima? Miguu haimuumi?"

"Inamuuma sana."

"Kuni anapata wapi? Na nyumba ya jiko, paa lake ni bati au nyasi?"

"Bati, linavuja. Basil, mbona unamwulizia mama kuliko unavyoniulizia mimi?"

"Wewe nakuona. Yeye simwoni."

Wakesho alicheka. Lakini siku hiyo hiyo ya Jumatano, wakirudi hosteli ya kanisa walikofikia, alimshika mkono. "Basil, nipeleke kwenu nikamsalimie mama. Kesho tunapanda Newala."

Basil aliutoa mkono wake polepole. "Aa. Hilo haliwezekani."

"Kwa nini?"

"Haifai tu." Na akageuza mazungumzo, akaanza kueleza bango alilopewa na Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya baiskeli.

Wakesho hakusikia neno la baiskeli. Kwao Taita, mwanamume mwenye nia anakupeleka jikoni kwa mama yake, unaosha vyombo, unatazamwa, unapewa chai. Anayekuzungusha chini ya mikorosho tu, huyo anapitisha muda. Na kama hilo halikutosha, alipofika chumbani mwenzake Isabela, aliyejua kila kitu cha kila mtu, alimpokea na habari.

"Unamjua mama yake Basil? Ni yule anayekaanga samaki karibu na geti la hospitali. Tunapita pale kila tukienda kumwona Zabroni."

"Yule mwenye kanga ya zambarau?"

"Huyo huyo. Mimi ananiitikia salamu vizuri. Ukipita wewe anageuza uso."

Wakesho alikumbuka. Kweli, yule mama alimgeuzia uso kila mara, akashughulika na kikaango. Alijilaza kifudifudi, moyo umemchacha. Kijana anamficha, na mama hamtaki hata kumwona. Nini zaidi?

Alhamisi wakapanda gari kwenda Newala, na hakumuaga mtu. Basil alikuwa amewaambia atafuata kesho yake na pazia alilolichora kwa ajili ya mchezo. Wakesho alijisemea kwamba akija, na aje. Asipokuja, mchezo hautakufa.

Newala iko juu, upepo wake ni mwepesi na una harufu ya korosho zinazochomwa. Mchana walipelekwa Shimo la Mungu, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na dunia yote inashuka chini ya miguu yako, msitu baada ya msitu, mpaka mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Wenzake walipiga mayowe ili wasikie sauti zao zikirudi. Isabela alipiga picha mpaka filamu ikaisha. Wakesho alisimama akaona uzuri ule wote, akachukia kwamba mtu wa kwanza aliyetaka kumwonyesha hakuwapo. Akajichukia na yeye kidogo.

Jioni mlinzi wa nyumba ya wageni alimwita. "Dada wa Kenya, simu yako! Masasi!"

Alikimbia, kisha akakumbuka kwamba amenuna, akatembea.

"Haloo? Wakesho? Mbona mmeondoka bila kuniaga, mpenzi?"

"Mpenzi wako nani? Mpenzi hafichwi."

"Nani kakuficha?"

"Wewe! Mama yako yuko pale getini, napita kila siku, hata jina langu halijui."

"Analijua! Wakesho, nisikilize, sisi huku—" Laini ilianza kukoroma. "—haifai mimi nikupeleke, maana—" Kisha kukawa kimya, halafu mlio mrefu.

Alichopata kwenye simu nzima kilikuwa ni *haifai* nyingine. Akaiweka chini, akaenda kulala bila kula, na Isabela akala sahani mbili.

Ijumaa alasiri uwanja ulijaa. Walikuja wakulima kutoka Makote na Mnyambe, walimu na madaftari yao ya kusahihisha, kina mama na watoto wao, na muuza uraka, pombe ya mabibo, aliyeweka ndoo yake mahali pazuri kuliko jukwaa. Wakesho alikuwa amevaa gauni jeupe la kuazima na shela lililotengenezwa kwa chandarua. Mwalimu Danieli alitazama saa, akatazama barabara. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Sijui, mwalimu," Wakesho alisema, na macho yakamjaa.

Hapo ndipo lori la mnunuzi binafsi wa korosho lilipoingia likivuta vumbi, na juu ya magunia matupu alikaa mtu aliyevaa koti la kijivu lenye vifungo vya shaba, amekumbatia pazia lililoviringishwa. Uwanja mzima ulipiga vigelegele, wakidhani mchezo umeanza. Basil aliruka chini. Alipompita Wakesho alisema tu, "Tutaongea," naye hakumjibu. Lakini moyo wake haukumwuliza yeye. Ulikuwa umeshaanza kucheza.

Mchezo wenyewe ulikuwa juu ya binti anayeolewa, anapelekwa kwa kina mume, na huko anafanyishwa kazi shamba la korosho huku fedha zikiliwa na mume na ndugu zake. Mwalimu Danieli alikuwa na mtindo wake. Mtazamaji akiona mambo yanakwenda kombo, apige makofi, mchezo usimame, naye aingie uwanjani aurekebishe. Chuoni mtindo huu ulisifiwa sana. Walichosahau chuoni ni kuwauliza watu wa Newala kabla ya kuuandika huo mchezo.

Basil alimshika Wakesho mkono, akatamka maneno yake kama mtu anayesoma bango. "Twende, mke wangu. Twende kwetu kwa mama yangu."

Makofi yakalia. Bibi mmoja mwenye ndonya, kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, na kitambaa cheupe kichwani, alikuwa amekwisha simama. Aliitwa Bibi Anjelina, na watu walimpisha njia kama wanaompisha askofu.

"Simamisha! Uongo ntupu huu!"

Uwanja ukavunjika mbavu. Danieli aliinama kwa heshima. "Shikamoo bibi. Kosa liko wapi?"

"Marahaba. Huyu ntoto wa kiume anannyakua nke wake anampeleka wapi?"

"Kwao, bibi."

"Kwao kufanya nini? Sisi hapa, nwanaume ndiye anayekwenda. Anakwenda kwa mama wa nke, anaonekana. Analima, anakata kuni, mama anantazama mpaka moyo wake utulie. Nani kawafundisha haya nnayoyacheza?"

"Chuo, bibi."

"Basi chuo chenu hakina mama." Alimgeukia Basil, akamkazia macho. "Na wewe nakujua. Bibi yako nzaa mama yuko Mnyambe. Hata wewe unakubali kuigiza upuuzi?"

"Nimepewa hivyo, bibi," Basil alisema, na safari hii jasho lake halikuwa la kuigiza.

Bibi Anjelina aliketi kwenye mkeka wa harusi, akanyoosha miguu. "Mimi ndiye mama wa binti. Njoo."

Mtu mmoja alimrushia Basil mzigo wa kanga, mwingine jembe. Akavichukua, akaja, akapiga magoti mbele ya mkeka. Wakesho alisimama pembeni na shela lake la chandarua, hajui afanye nini na mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini kwangu?"

"Nimekuja kuonekana, mama."

"Unapajua kwangu?"

"Napajua kidogo. Kuna baridi, unavaa sweta juu ya sweta. Unapika kwenye shule ya wasichana, unasimama kutwa, miguu inakuuma. Jiko lako la nyumbani lina bati linalovuja. Mimi napaka rangi, lakini bati pia naweza kulipiga."

Wakesho alisogea karibu na mkeka. Huyo hakuwa mama wa mchezo. Huyo alikuwa mama yake.

"Nani kakwambia yote hayo?" Bibi aliuliza, naye sasa amesahau kuigiza.

"Nilimwuliza binti wiki nzima, mpaka akachoka."

"Na mama yako wewe, amemwonaje binti?"

Basil aliinua macho, akamtazama Wakesho moja kwa moja. "Hajamwona. Binti akipita, mama anageuza uso. Anasema si haki yake kumkagua mtoto wa mwenzake kabla mimi sijakwenda kukaguliwa. Mimi nikamwambia binti haifai, nikadhani ameelewa, maana kwetu kila mtu anaelewa. Sikukumbuka kuwa ametoka mbali."

Hata muuza uraka aliacha kuchota. Wakesho alitaka kucheka na kulia, akafanya vyote viwili, na chandarua kikalowa. Mjinga mimi, alijiambia, wiki nzima nachumbiwa na sijui!

Bibi Anjelina alijinyanyua kwa kushika bega la Basil. "Mimi nimemaliza. Lakini mimi ni mama wa nchezo tu, siwezi kunpokea mtu kwa niaba ya mwenzangu. Binti, mama yako yuko wapi?"

"Kenya, bibi."

"Hakuna simu huko Kenya?"

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika, nadhani, mpaka chini Ruvuma.

Watu walipotawanyika wawili hao walikaa juu ya pazia lililokuwa halijatundikwa. Basil alimpangusa machozi kwa kidole gumba, akamwachia alama ya buluu shavuni.

"Ungenieleza, Basil."

"Ungenikazania, mpenzi. Si nyinyi mnajua kuamrisha?"

Wakesho alicheka, kisha akakunja uso. "Kuna jambo. Kwetu sisi ni kinyume. Mwanamume akija na mzigo wake kukaa kwa mama mkwe, watu watasema amefukuzwa kwao. Na wa kwanza kusema hivyo atakuwa mama yangu. Namjua. Akikataa kitu, amekataa. Na mimi siwezi kuolewa nikimwacha amenuna, ndiye pekee niliye naye."

"Akikataa?"

"Basi hapo ndipo mwisho wetu."

Basil alikunja na kukunjua mkono wa koti. "Basi tumwulize kabla hujaondoka. Mimi sitaki kukupenda kwa kubahatisha."

Jumamosi, posta ilipofunguliwa tu, walikuwa mlangoni. Wakesho alivaa gauni la manjano, limefuliwa na kupigwa pasi. Basil alivaa koti lake, kifungo cha juu kimefungwa mpaka anashindwa kumeza. Karani aliita Mtwara, Mtwara ikaita Dar es Salaam, Dar es Salaam ikaita Nairobi, na kila mji ulisema ngojeni. Wakangoja kwenye benchi, mabega yamegusana. Wakesho alihesabu maneno atakayosema, na karani alipoita jina la shule anakopika mama yake, maneno yote yakamtoka kichwani.

Alizungumza Kitaita, haraka, akirudia rudia, na Basil hakuelewa hata moja ila jina lake mwenyewe. Upande wa pili mama alipaza sauti mara moja, akanyamaza, akapaza tena. Wakesho aligeuka, akamnyoshea simu. "Anakutaka wewe."

Basil aliishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama... Ndiyo, Basil... La, mama, hawajanifukuza, mama yangu ananipenda sana... Napaka rangi, naandika mabango... Ndiyo, hata huko mjini Voi naweza kuandika... Siijui baridi, mama, lakini mtu hujifunza... Hapana, sikumdanganya... Ndiyo, mama. Ndiyo. Nimesikia."

Kisha alisikiliza kwa muda, jicho lake limeganda kwenye stempu zilizobandikwa ukutani. Wakesho aliuma kidole. Basil alirudisha simu mahali pake taratibu, kana kwamba imejaa maji.

"Amesemaje? Basil! Amesemaje?"

"Amesema hanijui. Amesema hawezi kukubali wala kukataa mtu asiyemjua. Niende Krismasi, anione kwanza."

Uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha. Juzi tu Wakesho angeisikia kama jibu la mtu anayekataa kwa adabu, angerudi hosteli kulia. Sasa alijua kijana huyu amepewa nini, na furaha ilimpanda kwa nguvu hata akasahau kwamba wako posta, akamshika mikono yote miwili mbele ya foleni nzima.

"Jamani," karani alisema, "mnaongeza dakika, au mnampisha mwingine?"

Basil hakumsikia. "Mama yako ataniona Krismasi," alisema. "Na wewe, Wakesho? Wewe unasemaje?"

"Mimi nimeshakuona," Wakesho alisema. "Njoo."